Mvi za Kabugi

Siku ya tatu baada ya wavulana kutahiriwa, Mzee Gerishon Ngunjiri alikuwa amekaa juu ya kreti la soda nyuma ya bweni, akimenya viazi. Kila Desemba alimenya viazi. Wiki ya jando wanawake hawakanyagi walipo vijana, hivyo wazee wa kanisa ndio wapishi, ndio wanaofua mashuka, ndio wanaoamka alfajiri kukoroga uji wa wimbi, na hapakuwa na hata mmoja wao ambaye mkewe angekubali kuonja alichopika. Shule ilikuwa imefungwa kwa likizo, na kanisa lilikuwa limeazima bweni na jiko. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msituni hadi kwenye mashamba ya chai, ukakaa hapo kama mgeni asiyejua kuaga. Mgongo ulimuuma Ngunjiri, vidole vilimuuma, na tuseme ukweli tu, alikuwa amechoka na wavulana.

Mmoja wao, Njogu, alikuja akitembea ametanua miguu, leso ya mama yake kiunoni.

"Guka," alisema, maana wavulana wote walimwita babu, "Kabugi ameota mvi."

"Nyingi?"

"Upande huu wote. Na ndevu."

"Amekunywa uji?"

"Amekunywa. Anasema ni moto, meno yanamuuma."

"Mwambie nakuja nikimaliza hivi viazi."

Njogu akarudi bwenini polepole, akishikilia leso isimguse.

Haikuwa habari mpya. Karibu kila Desemba alipatikana mmoja, mwaka mwingine wawili. Mvulana anaingia jandoni Jumatatu ana miaka kumi na minne, sauti yenyewe haijamkaa sawa, na kufika Ijumaa ana kipara na anaomba mto wa kuegemeza kiuno. Iliwapata wale ambao baba zao hawakuwa nyumbani, na wengine haikuwagusa. Watu wa kijiji cha Kiamwathi walilijua jambo hilo kama walivyojua mvua za Aprili. Kamati ya akina mama ilikuwa na sanduku la suruali za watu wazima, zimefuliwa na kupigwa pasi, kwa ajili ya wale ambao hawangeingia tena katika nguo walizoshonewa. Muuguzi naye alikuwa na malalamiko yake, kwamba kidonda cha mzee hupona polepole, na yeye pia ni mtu, ana likizo yake.

Mzee Wamiti, aliyekaa kando ya Ngunjiri akimenya viazi vyake, alikuwa mmoja wa hao. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alitoka jandoni na uso huohuo alio nao sasa, mashavu yameingia ndani, na kanisa likamfanya mzee wa kanisa kwa sababu alionekana mzee wa kanisa. Alivaa miwani, na mfukoni hakukosa peremende.

"Huyo ni wako," alisema Wamiti.

"Ni wa Nyaguthii."

"Si ndiyo nasema. Ni wako."

Ngunjiri alitupa kiazi ndani ya sufuria. Nyaguthii alikuwa bintiye, na Kabugi alikuwa mtoto wa kwanza wa Nyaguthii. Miaka yote aliyosimamia jando hili, wazee wa aina ya Wamiti alikuwa amewaombea, akawapeleka kwa mama zao, akawasahau kidogo kidogo, kwa sababu mtu hawezi kuwabeba wote. Huyu hakuweza kumsahau. Huyu alijifunza kutembea mikononi mwake, kati ya mistari ya chai. Ngunjiri alitaka kitu kimoja tu Desemba hiyo, Kabugi atoke hapa Jumamosi akiwa na miaka yake kumi na minne, basi.

"Si kuna yule Wahome," Wamiti alimkumbusha. "Baba yake alikuwa dereva wa lori huko Mombasa. Alifika Ijumaa jioni, akaweka mkono kichwani mwa mwanawe, ndevu zikaanguka kwenye beseni. Kijana akaomba mkate na siagi. Baba mtu akatoka akishikilia ukuta."

"Namkumbuka."

"Baraka ya Jumamosi ikishasomwa, uzee huu hautoki tena. Kabla ya hapo unatoka." Wamiti alichomoa peremende mfukoni, akaifungua kwa meno yaliyosalia. "Baba yangu mimi alipigiwa simu. Alisema yuko kwenye mkutano."

Aliyasema bila uchungu wowote, akachukua kiazi kingine.

Baba yake Kabugi aliitwa Gitahi. Alikuwa ameondoka nyumbani mvulana angali chekechea. Alikwenda kununua mbolea, gunia moja, na hakurudi. Hakufa, hakufungwa, hakwenda ng'ambo. Alikuwa Karuthi, mji mdogo ulio chini ya mlima, mwendo wa pikipiki, na kila mtu aliyeshuka huko sokoni alimwona na kumsalimu.

Alasiri hiyo wazee waliwafundisha wavulana. Hiyo ndiyo kazi hasa ya wiki ile. Kisu ni cha dakika chache, mbele ya daktari, na siku zinazobaki ni maneno. Wavulana walilala chali vitandani, magoti juu, na wazee wakapokezana kuwaambia mwanamume Mkristo ni mtu wa namna gani. Hampigi mke. Hali peke yake. Akizidiwa anasema. Ngunjiri alipewa somo la Yusufu seremala kila mwaka, na alilipenda, kwa sababu Yusufu alilea mtoto asiyekuwa wake na hakuna mahali palipoandikwa kwamba alilalamika.

Kabugi alikuwa ameegemea ukuta, mto nyuma ya kiuno. Mvi zilikuwa zimehama kutoka upande mmoja kwenda wa pili, na mishipa ya mikono ilikuwa imetokeza. Macho tu ndiyo yalikuwa bado yake. Aliinua mkono kama alivyozoea darasani.

"Guka, na Yusufu aliishia wapi?"

"Aliishia wapi kivipi?"

"Yesu akiwa mdogo yuko, wanamtafuta hekaluni na mama yake. Halafu hayuko tena. Kwa ile harusi ya Kana hayuko. Msalabani hayuko, ni mama peke yake."

"Maandiko hayasemi."

"Alikufa?"

"Wengine wanasema alikufa."

"Wengine wanasema alienda kununua mbolea," alisema Njogu kutoka kitanda cha juu, na bweni zima likaangua kicheko, huku wakiaibika na kugumia kwa maumivu, maana kucheka kulivuta vidonda. Kabugi naye alicheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na ikabidi mmoja amgonge mgongoni.

"Basi Yesu alibaki kumsaidia mama yake," alisema alipopata pumzi.

"Nafikiri."

"Na wale wadogo zake."

"Nafikiri, ndiyo."

"Na hakuota mvi?"

Ngunjiri alifikiri. Miaka yote hiyo hapakuwa na mtu aliyemuuliza. "Sidhani," alisema. "Alikuwa na Baba mwingine."

"Ee," alisema Kabugi, akageukia ubavu wa pili kwa sababu ule wa kwanza ulikuwa umekufa ganzi.

Alhamisi asubuhi, kabla wengine hawajaamka, Ngunjiri alijaribu mkono wake mwenyewe. Aliuweka juu ya kichwa cha mjukuu wake, akataja jina lake lote, la ubatizo na la ukoo, akangoja. Hakuna kilichotokea. Mkono wa babu haukuhesabika, ubaba wake ulikuwa umeshatumika kwa mama yake Kabugi. Akainamia ukingo wa kitanda akaomba, na maombi yenyewe yalikuwa mafupi, kwani magoti hayakumruhusu marefu. Alimwambia Mungu kwamba Yeye ana miaka mingi kuliko watu wote wa Kiamwathi wakijumlishwa, na kwamba hii michache aliyobebeshwa Kabugi isingemlemea. Kisha akaenda kuwasha jiko.

Mchana wanawake walileta maziwa na sukuma wiki hadi kwenye ua wa miti, maana hapo ndipo mwisho wao. Nyaguthii alikuwa miongoni mwao. Alikuwa amevaa gambuti za kuchumia chai, na kikapu kikiwa bado mgongoni.

"Baba, yukoje?"

"Ameota ndevu. Nyeupe."

"Mgongo?"

"Unamuuma."

"Lakini anaweza kuinua kitu? Ana nguvu?"

Ngunjiri alimtazama bintiye, na bintiye akatazama kibuyu cha maziwa.

"Usiniangalie hivyo, Baba. Mimi sikumwombea azeeke. Niliomba msaada. Mungu hakuniuliza ni msaada wa aina gani." Alijipangusa uso kwa kiganja chenye weusi wa majani ya chai. "Shemeji anasogeza mpaka wa shamba kila msimu. Namwambia, ananicheka. Anasema aletewe mwanamume wa kuongea naye. Sasa akisimama pale mtu mwenye mvi, atacheka? Hatacheka. Nakamua, nachuma, nakata majani ya ng'ombe, napeleka watoto shule, nalala nimevaa gambuti. Nimechoka, Baba. Nimechoka mpaka naona haya kusema."

"Ana miaka kumi na minne."

"Najua ana mingapi. Mimi ndiye nilimzaa."

Akalia, wazi kabisa, mbele ya wanawake wengine, nao wakajishughulisha na sukuma wiki zao. Kisha akatazama jua, kwa kuwa ng'ombe alikuwa bado hajapewa maji.

"Nitashuka Karuthi," alisema Ngunjiri. "Nimlete Gitahi aweke mkono."

Nyaguthii alicheka huku machozi bado yapo. "Haya, mlete. Ukimpata muulize ile mbolea ni ya mahindi ama ni ya chai."

Ijumaa Ngunjiri alimwachia Wamiti sufuria, akapanda pikipiki, akashuka mlimani akiwa ameshika kofia kwa mkono mmoja. Kalabu ya pombe ya Mama Wanja, alikoshinda Gitahi, ilikuwa nyuma ya kinu cha posho. Wanaume walikaa nje kwenye mabenchi wakicheza drafti kwa vizibo vya soda, na wengi wao walikuwa na nyuso laini kama maharagwe yaliyomenywa. Mmoja alikuwa na chunusi. Mwingine miguu yake haikufika chini.

"Desemba hawa hurudi nyuma kimiaka," Mama Wanja alimweleza Ngunjiri, akipangusa meza. "Naanza kuwauliza vitambulisho. Huyo mdogo hapo nimemkatalia tangu juzi, nampa soda. Serikali ikija haitanielewa."

Ngunjiri alimtafuta Gitahi kwa macho asimwone. Alimjua kwa kicheko. Gitahi alikuwa amekaa mwisho wa benchi, mikono ya shati amekunja mara nyingi, shingo nyembamba imetokeza kwenye kola. Alipomwona baba mkwe aliruka kusimama na kuvua kofia, maana mkwe ni mkwe.

"Mzee wangu! Uko salama?"

"Niko. Mwanao anazeeka."

"Kabugi?" Sauti ilipasuka katikati ya jina, akakohoa. "Nilishuku. Si unajua lile goti langu lililovunjika? Jumatatu limepona. Jumanne nikaota jino."

"Ni lake hilo."

"Hapana, Mzee, ni langu, liko huku nyuma." Akafungua mdomo kumwonyesha.

"Gitahi, nisikilize. Kesho ni baraka. Njoo umwekee mkono kichwani, useme jina lake. Hivyo tu. Miaka itakurudia."

"Yote?"

"Yako tu. Yake hutapewa."

Gitahi aliitazama drafti. Alikuwa anashinda. "Itaniuma?"

"Itakuuma kama inavyomuuma yeye."

Akakaa tena benchini, mikono katikati ya magoti. Kwa muda alikuwa na uso wa mtu anayefikiri kwa bidii, na Ngunjiri, aliyekuwa ameshuka mlima mzima akiyapanga matusi yake, alimwonea huruma, kwa kuwa ulikuwa uso wa mtoto.

"Sikuwakimbia, Mzee. Nilienda tu. Halafu siku zikawa nyingi. Nikitaka kurudi naona aibu, na nikiona aibu nakaa, na nikikaa siku zinazidi."

"Naelewa."

"Anajua kusoma vizuri? Kabugi?"

"Anasoma. Anauliza maswali."

"Mimi sikuwa nauliza," alisema Gitahi. Akachezea kizibo. "Kuna keki?"

"Iko."

"Nitakuja. Haki ya Mungu, Mzee, nitakuja."

Ngunjiri alipanda tena mlima, na jioni hiyo, kwa mara ya kwanza wiki hiyo, alikula alichopika akakiona kina chumvi ya kutosha. Kabugi alikuwa ameshaanza kupata kipara. Ngunjiri alimwambia kuwa baba yake anakuja. Kabugi aliitika, akaomba asaidiwe kuvua viatu.

Jumamosi ukungu uliinuka, na uwanja wa shule ukapangwa viti vyeupe vya plastiki chini ya mahema. Desturi ya baraka ni hii: vijana hukaa mbele kwenye safu moja, kila mmoja amevaa suti na kofia mpya, na nyuma ya kila kijana husimama baba yake, au mjomba, au mwanamume yeyote wa nyumbani. Mchungaji husoma baraka, baba huweka mkono kichwani mwa kijana, kisha msimamizi wa jando humgeukia mama na kumtangazia kwamba sasa amepata mwanamume nyumbani, na mama hupiga vigelegele vitano. Halafu ni keki.

Kabugi alikuwa amevaa suruali kutoka kwenye lile sanduku na koti la rangi ya udongo. Wavulana wenzake walikuwa wameanza kumwita mzee, si kwa mzaha. Asubuhi hiyo wawili waliokuwa wakigombania soksi walimpelekea kesi, naye akaiamua. Sasa alikaa kando na Ngunjiri, miguu ameitanua, akitazama lango. Kwenye safu ya vijana palikuwa na kiti kimoja kitupu, na kilikuwa chake.

Mchungaji Karanu alikuwa na harusi ya kufungisha mchana huohuo, ng'ambo ya mto, na alitazama saa mara kwa mara. "Mzee Ngunjiri, tuanze."

"Tungoje kidogo. Kuna mzazi anakuja."

"Tumengoja."

Ndipo Gitahi akaingia langoni mbio, shati lake kubwa likipepea, jasho usoni. Alikuja. Hilo lazima lisemwe, alikuja, na alikuja kwa miguu kutoka Karuthi, kupanda mlima wote. Ila vijana wa kanisa waliokuwa wanakaribisha watu hawakumjua, na walipanga watu kwa sura.

"We! Ndiyo saa ya kufika hii?" mmoja alimkaripia. "Na kofia yako umeiacha wapi?" Akamvika kofia mpya, akamshika bega, akamkalisha kwenye kiti kitupu. Mwingine alimwendea Kabugi kwa adabu, akamsaidia kusimama. "Mzee, pita huku. Simama nyuma ya kijana wako." Kabugi akaongozwa hadi nyuma ya kile kiti. Mwana akamtazama baba kisogoni, na baba hakugeuka.

Ngunjiri alimwendea Mchungaji haraka kadiri mgongo ulivyomruhusu. "Wamepangwa vibaya. Aliyekaa ndiye baba. Aliyesimama ndiye kijana."

Mchungaji aliangalia. "Una hakika?"

"Ni mjukuu wangu."

"Mzee, nakuamini. Lakini tazama mwenyewe. Kila mtu yuko mahali pake, watu wametulia, wapiga picha wako tayari. Nikianza kuwahamisha, nitawaeleza nini? Watasema mzee mzima kakalishwa na watoto, mtoto kawekwa na wazee." Akashusha sauti. "Na harusi ni saa nane."

"Basi nitawahamisha mimi."

"Fanya upesi."

Akaenda, akainama mbele ya kile kiti. Uwanja mzima ulikuwa unatazama, pamoja na Nyaguthii, aliyekuwa amesimama katikati ya akina mama, leso mpya mabegani, mikono imeshikana mbele ya mdomo.

"Gitahi," alisema kwa sauti ya chini. "Simama. Pita nyuma."

Gitahi alishikilia kiti kwa mikono yote miwili. Kofia ilikuwa kubwa, imemfika machoni.

"Nilikuja kabisa nikiwa nimeamua, Mzee. Njia nzima nilikuwa nimeamua."

"Najua. Simama."

"Nimemwona vile alivyo." Sauti ilipasuka. "Siwezi. Naogopa."

"Gitahi, ni hatua mbili tu. Nakuomba. Sikuwahi kukuomba kitu."

Gitahi alitikisa kichwa, machozi yakimtoka, akavuta kamasi kama watoto wanavyovuta. Ngunjiri alinyoosha mkono amkamate kola amwinue, naye angeweza, maana Gitahi sasa alikuwa mwepesi. Lakini mkono mwingine ulikuwa umeshafika. Ulikuwa wa Kabugi, wenye mishipa. Ulishuka juu ya kofia ya baba yake ukatulia hapo.

"Wacha, Guka," alisema Kabugi. "Anaogopa."

"Toa mkono, Kabugi. Toa mkono hapo, mwanangu, tafadhali."

"Si umeona anaogopa?"

Mchungaji, aliyeona mikono yote imeshawekwa, akaanza kusoma. Alisoma vizuri, alikuwa na sauti, na hakuruka neno hata moja. Watu wakasema amina. Kilichokuwa kimekuja wiki ile kikakaa.

Ikabaki zamu ya msimamizi. Ngunjiri alipita safu nzima, mama mmoja baada ya mwingine, akiwatangazia, na vigelegele vikapanda. Alipofika mbele ya bintiye alisimama. Maneno aliyajua, alikuwa ameyasema mara nyingi kuliko alivyosema jina lake mwenyewe. Hayakutoka.

"Sema, Baba," alinong'ona Nyaguthii.

"Umeona kilichotokea?"

"Nimeona. Si nina macho." Akafunga leso vizuri mabegani. "Sema tu. Nipeleke mtu nyumbani."

"Mama Kabugi," alisema Ngunjiri, "umepata mwanamume nyumbani."

Nyaguthii akapiga vigelegele. Vinne vilitoka vizuri. Cha tano kilikatika, akina mama waliokuwa karibu wakakimalizia.

Keki ilikatwa. Gitahi alipewa kipande, akapewa na cha pili. Waliotahiriwa walikuwa bado hawawezi kukimbia, kwa hiyo aliungana na wadogo zao waliokuwa wamepata mpira wa makaratasi, na baada ya muda alikuwa amesahau kulia. Alivua viatu vyake, ambavyo sasa vilimpwaya. Alikuwa na mbio kweli. Mchungaji alikwenda kwenye harusi yake. Wamiti alikusanya sufuria. Shemeji yake Nyaguthii, aliyekuja kwa ajili ya chakula, alimwendea Kabugi, akamsalimu kwa mikono miwili, akamwambia kwamba kuna jambo dogo la mpaka, ila wakae chini waongee kama wazee. Kabugi alimjibu kwamba watakwenda kuutazama pamoja Jumatatu.

Jua lilipokaribia mlima, watu wengi walikuwa wameondoka. Kabugi alisimama kando ya uwanja na babu yake, kila mmoja ameshika kiuno chake.

"Anacheza vizuri," alisema Kabugi.

"Ndiyo."

"Atalala wapi?"

"Sijui. Kwake."

"Kwake ni wapi?"

Ngunjiri aliinua kola ya koti lake. Upepo wa kutoka msituni ulikuwa umeanza, ule wa baridi.

"Lile shati ni jepesi," alisema Kabugi. Akavua koti lake, akavuka mstari wa uwanja polepole, miguu ameitanua, kwa sababu kidonda kilikuwa bado hakijapona na muuguzi alikuwa amesema kitachukua muda. Alimnyooshea Gitahi koti. Gitahi alisema hasikii baridi, akamkwepa, akaukimbilia mpira. Kabugi alilikunja koti, akaliweka mkononi, akarudi kusimama.

Nyaguthii aliita kutoka langoni kwamba giza linaingia na ng'ombe hajakamuliwa.

"Tangulia," Kabugi alimjibu. "Mtu lazima amngoje huyu."

Nyaguthii alitazama uwanjani, akamtazama mwanawe, akageuka na kushika njia peke yake, akitembea kwa haraka kama alivyozoea. Ngunjiri alikwenda chini ya hema, akarudi na viti viwili vya plastiki, na kile kisicho na ufa akampa Kabugi.